Fedha za mji mahiri zianzie kwa fundi wa taa

Kwa miezi mitano niliripoti taa moja ya barabarani. Ilikuwa imezimika kwenye kona ambayo watoto huipitia jioni wakitoka shuleni, na mji ulikuwa umetuletea programu ya simu ya kuripotia kero za namna hiyo. Nilipiga picha, nikaituma, nikapewa namba ya kumbukumbu. Siku tisa baadaye ukaja ujumbe kwamba kero yangu imeshughulikiwa. Nikaenda kuangalia, nikakuta giza lile lile. Nikaripoti tena, na tena. Mara tatu taa ile ilitengenezwa ndani ya mfumo bila fundi hata mmoja kusogea karibu na nguzo.

Nilipompata fundi mwenyewe, mtu mpole aliyechoka, alinieleza bila kuficha. Gari lao lenye ngazi lilikuwa gereji, stoo haikuwa na balbu, na mfumo mpya ulipangwa hivi: ripoti ikikaa siku nyingi bila kufungwa, idara inawekewa alama nyekundu kwenye skrini ya wakubwa. Basi wakawa wanazifunga. Sikumlaumu siku ile, na leo pia simlaumu. Programu ya simu ilitengewa fedha, balbu hazikutengewa.

Nimeanzia hapo kwa sababu serikali nyingi duniani sasa zinatenga fedha kwa ajili ya kuingiza miji katika mifumo ya kidijitali, na mimi naliunga mkono jambo hilo kwa moyo wote. Mwaka 2018 Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba asilimia 55 ya watu duniani wanaishi mijini, na kwamba kufikia mwaka 2050 watakuwa asilimia 68. Watu hao wote wanahitaji maji, usafiri, mitaro inayopitisha mvua na viwanja vyenye hati zisizogongana. Kazi hiyo haiwezi kubebwa na masijala yenye mafaili yaliyoliwa na mchwa. Ninachokipinga ni mpangilio wa matumizi: vifaa vinanunuliwa kwanza, watu wanafikiriwa baadaye, na matunzo hayafikiriwi kabisa.

Miji inayoendeshwa kwa mifumo ya namna hiyo wapo wanaoiita miji janja, kwa kufuata simu janja. Mimi nachagua kusema miji mahiri, na sichagui kwa ajili ya uzuri wa neno tu. Mahiri ni sifa tunayompa mkunga, nahodha au seremala, mtu aliyeizoea kazi yake mpaka mkono unatangulia kujua kabla ya jicho. Kifaa hununuliwa kikiwa ndani ya boksi lake. Umahiri hauna boksi, hujengwa kwa miaka, ndani ya watu wanaobaki kazini.

Angalia jinsi fedha zinavyogawanywa. Serikali kuu hupenda mashindano. Desemba 2015 Wizara ya Uchukuzi ya Marekani iliitisha shindano la mji mahiri, miji 78 ikaomba, na Juni 2016 ukashinda mji wa Columbus, Ohio, ukapata dola milioni 40 za serikali na milioni 10 nyingine kutoka Vulcan, kampuni ya tajiri Paul Allen. Kilichopigiwa picha zaidi kilikuwa basi dogo linalojiendesha. Lilianza kubeba abiria katika mtaa wa Linden Februari 2020, na mwezi huo huo likasimamishwa kwa sababu abiria mmoja alianguka kutoka kwenye kiti liliposimama ghafla. Wakati huo huo, ndani ya mpango ule ule, kulikuwa na huduma ya kuwaitia usafiri wajawazito ili wafike kliniki. Haikuhitaji chombo cha ajabu, ilihitaji simu, dereva na mtu wa kupanga safari. Ningekuwa na sauti kwenye meza ile, ningeanza na wajawazito.

India ilikwenda kwa ukubwa unaolingana na nchi yenyewe. Juni 2015 Waziri Mkuu Narendra Modi alizindua mpango wa miji 100, serikali kuu ikaahidi rupia bilioni 480 kwa miaka mitano, na majimbo pamoja na miji yakatakiwa kuchangia kiasi kama hicho. Kila mji ulijengewa kituo cha kuongozea shughuli zake, chumba chenye skrini zinazoonyesha magari, taka, maji na kamera. Vyumba hivyo vilisaidia, sitaki kuvibeza: janga la korona lilipoingia mwaka 2020 miji mingi ilivitumia kufuatilia wagonjwa na vitanda vya hospitali. Lakini fedha zilipitia kampuni maalumu iliyoundwa kwa kila mji, inayomilikiwa nusu kwa nusu na jimbo na manispaa, ikasimama pembeni ya baraza la madiwani. Ilifanywa hivyo ili kazi iende haraka. Mpango uliongezewa muda mara kadhaa mpaka ukafikia mwisho wake Machi 2025, na hapo ndipo swali langu linapoanza. Aliyejifunza kuuendesha mfumo ni mwajiriwa wa kampuni ya mradi. Anayepigiwa simu na wakazi mfumo unapokufa ni diwani na manispaa yake, ambao hawakushika kitu miaka yote ile. Haraka iliyopatikana mwanzoni hulipwa hapo.

Mfano ninaoupenda kuliko yote hauna hata jina la mji mahiri. Ni idara ya maji ya Phnom Penh, mji mkuu wa Kambodia. Mwaka 1993, baada ya vita na utawala wa Khmer Rouge, mhandisi Ek Sonn Chan alipewa kuiongoza. Asilimia 72 ya maji yaliyosukumwa kwenye mabomba yalikuwa yanapotea bila kulipiwa, mengine yakivuja ardhini, mengine yakiibwa, na baadhi ya wezi walikuwa wafanyakazi wa idara yenyewe. Maji yalitoka kama saa kumi tu kwa siku.

Kabla ya kununua mtambo wowote wa kushangaza, alituma watu wake nyumba hadi nyumba kuandika nani hasa anapata maji. Walikuta maelfu ya wateja walioandikwa daftarini ambao hawakuwepo duniani, na maelfu wengine waliokuwa wakitumia maji bila kuandikwa popote. Rejista hiyo mpya ndiyo iliyoingizwa kwenye kompyuta. Kisha zikafuata mita kwa kila mteja, mpaka kwa wakubwa. Kuna siku jenerali mmoja alimwelekezea bunduki Ek Sonn Chan kwa sababu ya mita. Mhandisi alirudi na askari, maji yakakatwa, jenerali akalipa. Mafundi wa kuziba mivujo wakawekwa zamu usiku na mchana, wafanyakazi wazuri wakaongezewa kipato, na mtandao ukagawanywa katika maeneo yenye vipimo vinavyoonyesha ni wapi maji yanapotelea. Upotevu ukashuka hadi karibu asilimia 6, kiwango ambacho miji mingi tajiri haijakifikia. Mwaka 2006 mhandisi huyo alipewa tuzo ya Ramon Magsaysay.

Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu mchango wa serikali katika habari hii hausimuliwi vya kutosha. Mwaka 1996 idara ile ilipewa mamlaka ya kujiendesha, maana yake mapato ya maji yakarudi kutengeneza maji badala ya kumezwa na mfuko mkuu. Bei ikaruhusiwa kupanda kwa hatua. Misaada ya Ufaransa, Japani, Benki ya Dunia na Benki ya Maendeleo ya Asia ilikuta tayari kuna watu wa kuipokea. Na mkurugenzi alipomgusa mkubwa, hakuachwa peke yake. Hakuna mzabuni anayeweza kuuza kitu hicho. Ni serikali pekee inayoweza kukitoa, na bila hicho mita zote zile zingekuwa vyuma tu ukutani. Kompyuta zilikuja kukaa juu ya ukweli uliokwisha kukusanywa kwa miguu. Miji inayofanya kinyume chake, inayoingiza daftari bovu ndani ya mfumo mzuri, hupata makosa yale yale, ila sasa yanatoka yamechapwa vizuri na yanaaminiwa zaidi.

Jambo la pili linalonikosesha usingizi ni mikataba. Oktoba 2017 Sidewalk Labs, kampuni ndugu ya Google, ilitangazwa kuwa mshirika wa kujenga mtaa mpya wa Quayside ufukweni mwa Toronto, Kanada. Vihisi, yaani vifaa vidogo vinavyopima na kurekodi yanayotokea, vingewekwa kila mahali. Mwaka uliofuata Ann Cavoukian, mtaalamu wa faragha aliyekuwa mshauri wa mradi, alijiuzulu alipoona kwamba hakuna uhakika wa taarifa za watu kuondolewa utambulisho pale pale zinapokusanywa. Mei 2020 kampuni ikajitoa, ikisema hali ya uchumi haitabiriki. Miaka miwili na nusu ya mabishano, na hakuna nyumba iliyosimama. Swali la nani mwenye taarifa za mtaa lilipaswa kujibiwa kabla ya zabuni kutangazwa.

San Diego, Marekani, nako waliidhinisha mwaka 2016 taa mpya za barabarani kwa sababu ya kupunguza gharama ya umeme. Ndani ya taa zaidi ya 3,000 mlikuwa na kamera, na polisi walianza kutumia picha zake kabla wakazi wengi hawajajua kwamba taa zinawatazama. Kelele zilipozidi, Septemba 2020 meya aliamuru kamera zizimwe. Sisemi polisi hawana haki ya kutafuta wahalifu. Nasema mtu anapoambiwa kwamba hii ni taa, awe ameambiwa yote. Akija kugundua mwenyewe, hata mradi mwingine ulio safi kabisa hatauamini tena, na ataukataa kwa sababu ya ule wa kwanza.

Barcelona walipata njia nzuri zaidi. Chini ya Meya Ada Colau, aliyeingia madarakani mwaka 2015, mji ulianza kuandika kwenye mikataba kwamba taarifa zinazokusanywa na mzabuni ni mali ya umma, na lazima zirudishwe kwa mji zikiwa katika hali inayosomeka. Mwaka 2016 ukazindua Decidim, jukwaa la wakazi kupendekeza na kujadili mipango ya mji, lililoandikwa kwa programu huria, ambalo miji mingine mingi imelichukua bure. Vifungu viwili vitatu vya mkataba, vilivyoandikwa na mwanasheria anayeelewa kompyuta, vina thamani kuliko skrini ukuta mzima. Miji midogo haina mwanasheria huyo. Serikali kuu inaweza kumwajiri mmoja, akaandika mkataba wa mfano, na kila halmashauri ikautumia.

Mambo ya namna hiyo, ya kujenga mara moja na kutumiwa na wote, ndiyo naona yanastahili fedha za serikali kuu kwanza. Estonia ilianza mwaka 2001 kutumia X-Road, njia salama inayoziunganisha hazina za taarifa za ofisi za umma. Kila ofisi inabaki na daftari lake, lakini inaweza kuuliza kwa mwenzake badala ya kumsumbua mwananchi alete nakala ya cheti alichokwisha kukitoa kwingine. Mwananchi naye anaweza kuona ofisi gani imechungulia taarifa zake. Manispaa yenye wakazi elfu chache inapata barabara ile ile inayopata mji mkuu.

Na ulinzi, tafadhali. Machi 2018 wadukuzi waliifunga mifumo ya mji wa Atlanta wakidai bitcoin, sarafu ya kidijitali, zenye thamani ya takriban dola 51,000. Mji haukulipa, ukatumia mamilioni ya dola kujijenga upya, na kwa siku kadhaa mahakama na polisi waliandika kwa mkono. Atlanta ni mji wenye uwezo. Halmashauri yenye mtu mmoja wa kompyuta, ambaye pia ndiye anayebadilisha wino wa printa, itafanya nini?

Sitaki pia dirisha la ofisi lifungwe kwa sababu huduma imehamia mtandaoni. Mzee asiyeona vizuri na mama ambaye simu yake ni ya vitufe ni wakazi kamili wa mji. Mtumishi wa dirishani anaweza kutumia mfumo ule ule kwa niaba yao, na kwa kawaida ndiye wa kwanza kugundua fomu gani inawachanganya watu.

Kwa hiyo ninapoulizwa serikali isaidieje, jibu langu ni la kihasibu. Kila fedha inayotolewa kununua mfumo ije na fedha ya miaka kumi ya kuutunza: vipuri, leseni, mishahara ya mafundi wa mji wenyewe, mafunzo yao, na gari lenye ngazi linalowaka. Kama fedha ya pili haipo, ya kwanza isubiri. Na wakazi wapewe macho. Amsterdam, tangu Desemba 2021, kila anayeweka kihisi mahali pa umma anatakiwa kukiandikisha, na mkazi anaweza kufungua ramani akaona kipo wapi na ni cha nani. Ramani kama hiyo naitaka hata kwa taa za kawaida: ipi inawaka, ipi imezimika tangu lini, fundi alifika siku gani. Na kitufe cha kufunga ripoti kiwe kwenye simu ya yule aliyeituma.