Mahindi ya nyanda za juu kusini na mpaka wa Tunduma

Kila mavuno yanapokaribia huku nyanda za juu kusini mwa Tanzania, mjadala uleule huibuka: je, mahindi ya Mbozi, Makambako na Sumbawanga yaachwe yavuke Tunduma kwenda Zambia na Kongo, au yazuiwe mpaka taifa lijiridhishe kwamba chakula kinatosha? Wanaotaka yazuiwe wana hoja. Mkazi wa mjini anayenunua unga kwa kilo ndiye huumia wa kwanza bei inapopanda, na serikali iliyoacha maghala yakauke haiwezi kumtuliza kwa hesabu za fedha za kigeni. Wapo pia walanguzi wanaomfuata mkulima mwenye shida hadi shambani, wakanunua mahindi yangali mabichi kwa bei ya kutupa.

Hoja ya kuuacha mpaka wazi, kwa upande wake, husikika kana kwamba ni ya wafanyabiashara peke yao, na hilo linasikitisha, kwa sababu msingi wake ni mkulima mdogo na chakula chenyewe.

Tuangalie katazo la Juni 2017, serikali ilipopiga marufuku kuuza nafaka nje ya nchi. Kwetu mvua za kupandia huanza Novemba na mahindi huvunwa kuanzia Mei, kwa hiyo tangazo lile liliwakuta wakulima wengi ndio kwanza wanavuna. Kati ya Juni na Oktoba mkulima huuza magunia yake, hulipa madeni na ada za watoto, na kinachobaki ndicho hununua mbolea ya DAP ya kupandia na urea ya kukuzia. Bei ikianguka katika miezi hiyo, si lazima aache kulima; hupunguza. Atanunua mifuko miwili ya mbolea badala ya minne, atapanda mbegu aliyoibakiza katika mavuno yake badala ya chotara ya dukani, na atapalilia mara moja pale alipozoea kupalilia mara mbili. Upungufu huo hauonekani mwaka wa katazo, ambao maghala hujaa na unga hushuka bei, na kila mtu huamini kwamba uamuzi ulikuwa wa busara. Huonekana katika mavuno yanayofuata, wakati ambapo hakuna tena anayeukumbuka uamuzi wenyewe, na lawama huangukia mvua. Hivyo hatua iliyochukuliwa kwa jina la usalama wa chakula huishia kukipunguza chakula, na gharama yake hubebwa na yule anayekizalisha.

Tena mahindi hayaachi kuvuka. Hupita njia za panya, na mnunuzi huikata gharama ya hatari hiyo katika bei anayompa mkulima, huku halmashauri ikikosa ushuru na taifa likikosa kumbukumbu za kilichotoka.

Mwaka 2024 tuliona sura nyingine. Ukame uliifanya Zambia itangaze janga la kitaifa mwishoni mwa Februari, na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula ukakubaliana kuiuzia tani 650,000 za mahindi. Shehena ya namna hiyo huleta dola, na tulikuwa katika kipindi ambacho waagizaji wa mafuta na pembejeo walilalamika kwamba dola hazipatikani benki. Sehemu kubwa ya mbolea tunayotumia hutoka nje ya nchi, kwa hiyo mahindi yanayotoka nchini kupitia Tunduma na mbolea inayoshukia bandari ya Dar es Salaam ni hesabu moja. Anayetaka ya kwanza yazuiwe anapaswa kueleza fedha za kununulia ya pili zitatoka wapi.

Wapo wanaoshauri tuuze unga badala ya punje. Ni ushauri mzuri kwa ajira zetu, lakini Zambia ina wasagishaji wake wanaotafuta punje, na soko la unga hujengwa kwa miaka, halipatikani kwa amri ya msimu mmoja.

Makatazo pia huzaa makatazo. Machi 2025 Malawi ilizuia kuingizwa kwa mazao kadhaa, yakiwemo mchele na ndizi. Aprili Tanzania ikajibu kwa kuzuia mazao ya kilimo ya Malawi na ya Afrika Kusini, nchi ambayo nayo ilikuwa imezifungia ndizi zetu. Katazo letu liliondolewa baada ya siku chache ili kupisha mazungumzo, lakini ndizi ya Rungwe ikishaiva haisubiri mawaziri wakutane.

Hofu ya njaa ina jibu lake, nalo ni akiba: Wakala uingie sokoni mapema, ununue kwa bei inayoshindana na ya mnunuzi wa nje, na kiasi kilichomo ghalani kitangazwe kabla ya msimu wa kupanda. Ikiwa kuna mwaka ambao lazima mauzo yabanwe, basi kiwango cha akiba kitakachosababisha hatua hiyo kijulikane kufikia Oktoba, wakati mkulima bado anaamua alime ekari ngapi na benki bado inapima kama imkopeshe fedha za mbolea.