Mwandishi Akinyamaza, Tumwache?

Ushauri anaopewa kila anayetaka kuandika hadithi kwa Kiswahili siku hizi ni mmoja: andika kila siku. Utausikia kwenye warsha, utausoma kwenye makundi ya WhatsApp ya waandishi chipukizi, na mara nyingi huja na lawama. Akikaa mtu mwezi mzima hajaweka kitu, wenzake huanza kusema ameishiwa, amepoa, au hakuwa na kipaji tangu mwanzo. Ushauri huo una ukweli mwingi. Lakini namna tunavyoushika inawaumiza watu ambao fasihi yetu inawahitaji, na upande wa pili, ule wa kupumzika na kutafakari, haujapata kusikilizwa vizuri.

Shaaban Robert ndiye shahidi mkubwa wa wanaosema andika kila siku. Aliajiriwa kuwa karani wa forodha mwaka 1926, akapita idara ya mifugo, ofisi ya wilaya Tanga na ofisi ya upimaji, akiandika pembeni ya kazi za mkoloni. Alipofariki mwaka 1962, akiwa na umri wa miaka 53, alikuwa ameandika vitabu zaidi ya 20. Mtu hafiki huko kwa kungoja hamu imjie. Shahidi wa pili ni mshairi wa Kenya, Abdilatif Abdalla, aliyefungwa kuanzia 1969 hadi 1972 kwa sababu ya waraka wake “Kenya: Twendapi?”, akatunga gerezani mashairi ya Sauti ya Dhiki na kuyaandika kwenye karatasi za chooni. Wapo wanaopenda kusema kwamba upweke wa jela ulimpa nafasi ya kutafakari. Mimi siwezi kuliita pumziko jambo ambalo mtu alifanyiwa ili anyamaze. Alichokifanya mle ndani ni kazi, tena kazi ya hatari.

Kwa hiyo hoja ya nidhamu ni nzito. Mwandishi asiye na zoea hukaa na wazo zuri miaka mingi, akilisimulia barazani, mpaka linachujuka. Mkono nao hupoteza wepesi. Anayerudi baada ya kuacha muda mrefu hushangaa namna sentensi zinavyomgomea.

Ila nidhamu ya Shaaban Robert na kile kinachotendeka leo ni vitu viwili tofauti. Leo sehemu kubwa ya hadithi mpya za Kiswahili zinasomwa kwenye simu, kipande kwa kipande. Mwandishi anaweka sehemu ya kwanza hadi ya kumi bure kwenye Facebook, halafu anayetaka kuendelea anatuma pesa kwa simu na kuingizwa kwenye kundi. Humo ndani sehemu mpya hutoka kila siku, pengine mbili kwa siku. Ikifika saa tatu usiku haijatoka, ujumbe unaanza kumiminika: “Mwandishi vipi leo?”, “Umetuacha njia panda”, “Tupia hata kafupi”. Naye anajibu kwa kuomba radhi, mtoto anaumwa, umeme umekatika, kisha anaandika usiku huohuo kwa kidole gumba na kuituma bila kuirudia.

Siwadharau waandishi hawa wala wasomaji wao. Wamefanya jambo ambalo wachapishaji wengi wameshindwa: wamemfanya Mtanzania na Mkenya wa kawaida atoe pesa yake kusoma hadithi ya Kiswahili. Ninachokitazama ni kinachoupata uandishi wenyewe.

Huwa napitia miswada ya aina hii pale mwandishi anapotaka kuigeuza kitabu. Sehemu za mwanzo mara nyingi zina uhai. Kuna binti anayeuza maandazi stendi, na unaona namna anavyoifunika ndoo kwa kipande cha kanga kilichofifia, anavyowajua makonda kwa sauti zao kabla hajageuka. Mwandishi alikaa na binti huyu muda mrefu kabla ya kumwandika. Ukifika katikati, binti yuleyule ana “umbo namba nane” na “macho malegevu kama aliyekula kungu”. Kila mtu “anavuta pumzi ndefu na kuishusha”. Mama aliyezikwa sehemu ya tisa anapika pilau sehemu ya thelathini. Watu wanaanza kupata ajali, kwa sababu ajali ndiyo njia ya haraka ya kusogeza kisa. Stendi imepotea, maandazi yamepotea, na pale alipokuwa mtu amebaki mwanamke mzuri wa kila hadithi.

Mwandishi huyu hana uvivu hata chembe. Ameandika kila siku, kama alivyoshauriwa. Kilichokwisha ni akiba ya mambo aliyoyaona na kuyafikiria, na ratiba haikumpa siku hata moja ya kuijaza. Mtu aliyechoka huokota maneno yaliyo karibu na mkono, na yaliyo karibu na mkono ni yale ambayo wengine wameshayatumia mpaka yameisha ladha.

Tumtazame sasa Euphrase Kezilahabi. Katika miaka minane alitoa riwaya nne: Rosa Mistika (1971), Kichwamaji (1974), Dunia Uwanja wa Fujo (1975) na Gamba la Nyoka (1979). Hata kama asingeandika tena, jina lake lingebaki. Kisha kwa upande wa riwaya akanyamaza kwa takriban muongo mzima. Alikwenda kusoma Marekani, katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, na tasnifu yake ya mwaka 1985 ilihusu falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi. Mwaka 1988 ikatoka dalili ya kwanza ya mabadiliko, diwani ya Karibu Ndani. Halafu zikaja Nagona (1990) na Mzingile (1991).

Aliyezisoma zile nne kisha akafungua Nagona anajua mshtuko wake. Zile za mwanzo zina vijiji, shule, ulevi, siasa, watu unaoweza kuwakuta Ukerewe au Mwanza. Hizi mbili ni nyembamba, zinakwenda kama ndoto, mahali pake hapapatikani kwenye ramani, na mhusika anatafuta maana ya kuwepo kwake. Kuna wasomaji waliolalamika kwamba hazieleweki, na malalamiko yao yana haki. Hata hivyo, ukiondoa vitabu hivyo viwili, riwaya ya Kiswahili inapungukiwa na mlango mzima ambao wengine waliupitia baadaye.

Je, angevifikia kwa kutoa riwaya kila mwaka kati ya 1979 na 1990? Siwezi kuthibitisha jambo ambalo halikutokea, lakini nikitazama vitabu vyenyewe sioni namna. Zile nne zilikuwa zimefikia mwisho wa njia yake ya kwanza. Riwaya ya tano kwa mtindo uleule ingemjia kwa urahisi, na wasomaji wangeifurahia. Alichokifanya ni kukaa na swali: hadithi inasema nini kuhusu ukweli, na nani ana haki ya kuifasiri? Swali la namna hiyo halijibiwi kati ya sehemu ya 14 na ya 15.

Atakayenipinga ataniambia nisichanganye kimya cha mchapishaji na kimya cha mwandishi. Ana haki. Shafi Adam Shafi alitoa riwaya ya Kuli mwaka 1979, na Vuta N’kuvute ikatoka mwaka 1999. Sehemu ya pengo la namna hii ni habari ya uchumi: miaka ya 1980 karatasi zilikuwa adimu Tanzania na mashirika ya uchapishaji yaliyumba. Mswada unaweza kulala kwenye kabati miaka huku mwandishi anaendelea kuandika mingine. Tena Kezilahabi hakuwa amelala. Alikuwa anasoma, anafundisha, anatunga mashairi. Nakubali yote hayo, na ndiyo yananifikisha kwenye jambo ninalotaka lieleweke zaidi, yaani pumziko lenye faida lina sura gani.

Mwaka 2009, Ut Na Sio na Thomas Ormerod walichapisha katika jarida la Psychological Bulletin mapitio ya tafiti 117 kuhusu kinachotokea mtu anapoliweka tatizo pembeni kisha akalirudia. Jibu la jumla ni kwamba kuliweka pembeni kunasaidia, na kunasaidia zaidi kwenye kazi zinazotaka mawazo mengi tofauti kuliko kwenye mafumbo yenye jibu moja. Hilo peke yake lingetosha kumtetea mwandishi anayepumzika. Lakini ndani ya mapitio hayo kuna mambo matatu ambayo nimeyazungusha kichwani muda mrefu, kwa sababu yanazikata pande zote mbili.

La kwanza, waliohangaika na tatizo kwa muda mrefu zaidi kabla ya kuliacha walifaidika zaidi na kuliacha. Hapa mtu anayesema “napumzika” huku hajaandika hata ukurasa hana pa kujifichia. Pumziko halimsaidii asiye na kitu kinachomsumbua. Binti wa maandazi lazima kwanza awepo kwenye karatasi, akugomee, ukose la kumfanyia, ndipo kuondoka kwako kuwe na maana.

La pili, muda wa mapumziko ukijazwa kazi inayotaka akili nyingi, faida inapungua. Nikisoma hapo nafikiria simu. Mwandishi wetu akisema amepumzika jioni, mara nyingi amehama kutoka kuandika kwenda kusoma maoni, kutazama video fupi, kujibizana kuhusu siasa na mpira. Akili yake haikupata hata dakika ya kukaa kimya na hadithi yake. Kesho anaamka amechoka kuliko jana, na anahitimisha kwamba kupumzika hakumsaidii.

La tatu liliwashangaza hata watafiti wenyewe: kwenye mafumbo ya lugha, kazi nyepesi ilisaidia kuliko kukaa bure. Kuosha vyombo, kupalilia, kuchagua mchele, kutembea kwa miguu kutoka kituoni hadi nyumbani. Waandishi wanawake ninaowafahamu, wenye nyumba na watoto, hawakushangaa nilipowaeleza hili. Wengi wao hutunga wakiwa wanafua. Tatizo lao halijawahi kuwa ukosefu wa kazi nyepesi. Tatizo ni kwamba kazi hizo hazina kikomo, na ya kuandika ndiyo husukumwa mwisho.

Majaribio hayo ni ya maabara, mengi ya dakika au saa chache, na riwaya ni jambo la miezi. Siyachukui kuwa sheria. Nayachukua kama ushahidi kwamba anayeliacha andiko lake kwa makusudi na kulirudia anaweza kuwa yumo kazini.

Na kulirudia kwenyewe kuna namna yake. Mwandishi anayetafakari huusoma mswada kwa sauti baada ya wiki kadhaa, kalamu mkononi, bila kusahihisha chochote siku ya kwanza. Anaweka alama tu pale ulimi unapokwama na pale anaposikia sauti ya mtu mwingine ndani ya maneno yake. Anajiuliza ni wapi alikuwa anamwona mhusika na ni wapi alikuwa anajaza nafasi. Hapo ndipo “macho ya kungu” hujifichua bila kufundishwa na mhariri. Anasoma pia vitabu vya wengine, jambo ambalo anayeweka sehemu mbili kwa siku hana muda nalo kabisa.

Linabaki pingamizi zito kuliko yote, nalo ni pesa. Kezilahabi alikuwa na chuo kikuu nyuma yake. Mwandishi wa simu analipa kodi ya nyumba kwa shilingi za wasomaji, na wiki mbili za kimya zinamwondolea wateja wanaohamia kundi la jirani. Kumwambia huyu apumzike bila kumwambia atakula nini ni ukatili. Kwa hiyo sikubaliani na wale wanaoleta habari ya kupumzika kana kwamba ni suala la moyo wa mtu binafsi tu. Ni suala la jinsi biashara yenyewe ilivyopangwa.

Njia ninayoiona inafaa, na wapo wanaoifuata tayari, ni kuimaliza hadithi yote kabla ya kuweka sehemu ya kwanza. Andika kila siku mpaka iishe. Hapo wenye hoja ya nidhamu wapewe haki yao. Kisha iache mwezi. Katika mwezi huo usianze nyingine, na kundi la wasomaji waambie wazi tarehe utakayorudi. Halafu isome kwa sauti, ikate, ndipo uanze kuitoa kipande kila siku kutoka kwenye akiba iliyokamilika. Msomaji anapata sehemu yake saa tatu usiku kama kawaida, na mwandishi, badala ya kupambana na kidole gumba, ana miezi ya kutazama na kusoma huku hadithi ya kwanza inamlisha.

Ugumu uko kwenye hadithi ya mwanzo kabisa, ile inayoandikwa bila nyingine ya kuilipia. Hapo ndipo wasomaji wanaweza kufanya jambo. Wanaodai kwamba wanampenda mwandishi fulani wangeweza kumlipa nusu ya bei mapema, kabla hajaweka hata mstari, na kumwachia miezi yake. Kwenye harusi na misiba tunachanga kwa njia hiyohiyo, kwa simu hizohizo, na mweka hazina wa kundi anajulikana.