Anayenyamaza hajakubali: kumjibu au kutomjibu anayekuandama mtandaoni

Mtu akianza kuandamwa mtandaoni, ushauri humfikia kabla hajamaliza kusimulia. Mmoja atamwambia, "Mpuuze, atachoka mwenyewe." Mwingine atamwambia, "Mjibu, tena hadharani, kila mtu amjue." Siku hizi huyu wa pili ndiye anayepigiwa makofi. Anayenyamaza huitwa mwoga, na wapo hata wanaodhani anafurahia kufuatwa. Kwangu mimi, huyo anayenyamaza anaonewa.

Wanaotaka kumwanika mwandamaji wana haki yao ya kusikilizwa. Unaweza kuripoti akaunti ukajibiwa na mashine kwamba hakuna kanuni iliyovunjwa. Ukienda polisi unaweza kuulizwa, "Kwani amekugusa?" Ukimwanika, huenda wakajitokeza wengine aliowatendea vilevile, na kilichodhaniwa kuwa ugomvi wa watu wawili kikaonekana kuwa ni tabia ya mtu mmoja. Aliyefikishwa huko simlaumu.

Ila tazama yanayotokea upande wa pili wa simu. Mwandamaji hatafuti hoja, anatafuta kuitikiwa. Akituma jumbe 39 bila jibu, kisha kwenye ule wa 40 ukapandwa na hasira ukaandika "Niache!", wewe unahesabu kwamba umemkataa. Yeye anahesabu kwamba bei ya kukupata ni jumbe 40, na kesho yuko tayari kuilipa. Maabara ilishayaona haya. Mwaka 1957 wanasaikolojia wa Marekani B. F. Skinner na Charles Ferster walichapisha matokeo ya majaribio yao ya miaka mingi, mengi yakiwa ya njiwa. Ndege anayepewa punje mara mojamoja, asijue ni donoo lipi litakalolipa, huendelea kudonoa kwa muda mrefu baada ya punje kukatwa, kumshinda yule aliyezoea kulipwa kila donoo. Tusi lako, kwa mwandamaji, ni punje. Kaka yako akimpigia kumfokea, ni punje. Ukimtishia kumshtaki kisha usimshtaki, umempa punje na umemfundisha kwamba vitisho vyako ni maneno matupu. Na chapisho la kumwanika humpa gunia zima, kwa kuwa jina lake sasa limekaa kando ya lako mbele ya watu wote.

Hata hivyo, kutomjibu peke yake si kinga. Huko Colorado, Marekani, mwanamume mmoja alimwandikia mwanamuziki asiyemfahamu mamia ya jumbe kati ya 2014 na 2016, nyingine zikidokeza kwamba amemwona kwa macho. Mwanamke huyo hakumjibu hata mara moja. Alimzuia tena na tena, na mwanamume akawa anafungua akaunti mpya. Ilifika mahali mwanamke akaogopa kutembea peke yake na kufuta maonyesho. Mwandamaji alihukumiwa kifungo, lakini Juni 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa majaji 7 dhidi ya 2, ilibatilisha hukumu hiyo. Ilisema mashtaka yalipaswa kuonyesha angalau kwamba mshtakiwa alitambua maneno yake yangeweza kuchukuliwa kuwa vitisho, na bado akaendelea.

Wengi waliusoma uamuzi huo kama pigo kwa wanaoandamwa, na ni pigo kweli. Mimi naona unaonyesha pia mahali ambapo neno moja lina thamani: "Usiwasiliane nami tena kwa njia yoyote." Liandikwe mara moja, bila tusi, bila kueleza sababu, bila "samahani". Baada ya hapo, kimya. Akiendelea, itamwia vigumu kudai hakujua kwamba hatakiwi. (Kama ni mwenza wa zamani aliyewahi kukupiga, usiandike hata hilo kabla hujaongea na watu wanaosaidia waathirika wa ukatili wa nyumbani.)

Kimya hicho kiwe kwa mwandamaji tu. Wengine waambiwe: ndugu, kazini, polisi. Na kila kitu kihifadhiwe, maana sheria nyingi za aina hii hutazama mwenendo. Ile ya Uingereza ya mwaka 1997, kwa mfano, inapozungumzia mwenendo wa kumsumbua mtu mmoja inataka angalau matukio mawili. Ujumbe mmoja ukiusoma peke yake unaweza kuonekana salamu tu. Ukiusoma pamoja na mingine 60 iliyotumwa usiku wa manane, kutoka akaunti nne, unajieleza wenyewe. Ndiyo maana inaniuma kusikia mtu amefuta kila kitu kwa kinyaa. Kinyaa hicho nakielewa, lakini ushahidi ndio umekwenda. Piga picha ya skrini nzima, tarehe na saa zionekane, na unakili kiungo cha akaunti, kwa sababu jina la juu hubadilishwa kwa sekunde chache.

Kuhusu kumzuia, wapo wanaoacha njia moja wazi kwa makusudi. Wanaizima sauti, hawaifungui, na rafiki wanayemwamini ndiye anayesoma na kuhifadhi. Sababu ni kwamba ujumbe wa "naja huko" ukitumwa, utapitia hapo. Rafiki huyo akiuona, anapiga simu polisi siku hiyohiyo.