Msitume AirPods nyumbani kama hamna muda wa kukaa nazo

Baba yangu alifanya kazi miaka ishirini na sita kwenye korona, ile mashine ya kuchakata mkonge, katika shamba moja wilayani Muheza. Aliyewahi kusimama mlangoni mwa korona anajua kwamba pale watu huongea kwa mikono. Kelele za namna ile huanza kula sauti nyembamba, zile za hezi 4,000 hivi, na huko juu ndiko zinakokaa s, f, sh na th. Mzee anasikia kwamba unaongea, ila hajui unasema nini. Nikimpigia na kusema "Shikamoo Baba," yeye hupata "ikamoo" na kujibu marahaba kwa mazoea. Balaa lilikuwa kwenye namba. Mara mbili nimetuma elfu sitini, naye akaenda kugombana na wakala akidai elfu tisini.

Huku Minneapolis ninalea wazee kwenye nyumba yao, kwa hiyo shimesikio, vile vifaa vya kumsaidia mtu kusikia, nazishika kila siku. Jozi moja huweza kufika maelfu ya dola, na Medicare ya kawaida, bima ya serikali kwa wazee, hailipii. Wengi wanazo, lakini zinalala kwenye droo. Bibi mmoja aliniambia anavaa zake Jumapili tu, binti yake anapokuja. Siku nyingine hakuna wa kumsikiliza.

Oktoba 2022 Marekani iliruhusu mtu mzima ambaye usikivu wake umepungua kidogo au wastani anunue kifaa cha kusikia bila cheti cha daktari. Septemba 2024 mamlaka yao ya dawa na vifaa tiba, FDA, ikaidhinisha programu inayozigeuza AirPods Pro 2, visikizi visivyo na waya vya kampuni ya Apple, kuwa shimesikio. Bei yake dukani ilikuwa dola 249, zaidi ya laki sita za kwetu. Ni pesa, lakini si maelfu ya dola.

Nilijipima mwenyewe usiku mmoja wa Januari. Theluji imefunika barabara, jirani hata simjui jina, chumba kimya kama kisima. Unavaa, simu inatoa milio midogo, unagusa kioo kila ukisikia, dakika tano umemaliza. Nikasema basi, nanunua jozi nyingine, nampa mtu anayesafiri, Baba apone. Ndivyo tulivyo sisi wa ughaibuni, tukiona tatizo nyumbani tunatafuta begi la mtu. Rafiki yangu alishafanya hivyo kwa mama yake. Mwaka mmoja baadaye alizikuta masikioni mwa mpwa wake, zikipiga singeli.

Nikaamua kuzipeleka mwenyewe Desemba, pamoja na iPhone yangu ya zamani, maana bila iPhone au iPad huwezi kuzirekebisha. (Na zile za Kariakoo zinazoitwa AirPods kwa sababu ni nyeupe hazimo kwenye habari hii.)

Nyumbani hakuna dakika tano za ukimya. Nilitafuta. Ikinyamaza redio ya jirani anawika jogoo, akinyamaza jogoo inapita bodaboda. Huduma yenyewe ya kujipima hufunguliwa nchi kwa nchi. Kule Bengaluru, India, vijana walitumia karatasi za foili na mawimbi ya maikrowevu kuidanganya simu ione iko Marekani, ili bibi apate kusikia. Mimi sikufika huko. Baba alikuwa na odiogramu ya hospitali, ile karatasi ya majibu ya kipimo cha masikio yenye miduara myekundu ya sikio la kulia na alama za X za bluu za kushoto. Nikaziingiza namba zake kwenye simu moja moja, kisha nikaingia kwenye mipangilio ya ufikivu (Accessibility), nikaiambia simu ifuate karatasi ile katika hali ya kupitisha sauti za nje.

Nilidhani nimemaliza, kumbe ndiyo kwanza naanza.

Jioni ya kwanza alivaa, akakaa kama sekunde kumi, akageuka jikoni kwa hasira. "Hizo sahani mnazipiga za nini?" Hakuna aliyekuwa anapiga sahani. Dada alikuwa anaosha vyombo kama siku zote, ila Baba hakuwa ameisikia sauti ya kijiko kwenye sufuria kwa miaka mingi. Mfuko wa plastiki ulimshtua. Mvua ilipoanguka juu ya bati alizivua na kuzitupa kitandani.

Kuna mistari ya kusogeza kwa kidole: wa ukubwa wa sauti, wa kugawa kulia na kushoto, wa wembamba wa sauti, wa kupunguza kelele za pembeni. Ipo pia swichi ya kumkazia sauti mtu aliye mbele yako. Nilirudisha wembamba nyuma karibu nusu, na kila jioni nikawa nausogeza mbele kidogo tu, ubongo uzoee. Dada anakaa upande wa pili wa meza, amefunika mdomo kwa kanga ili Baba asisome midomo, anasema sitini, tisini, fisi, shoka, fisi tena. Kulia tuliongeza kuliko kushoto. Jioni ya saba akapata sitini na tisini mara tano mfululizo, akaomba chai kama aliyetoka kulima.

Ndiyo maana nasema kifaa ni robo ya kazi. Jioni zile huwezi kuziweka kwenye begi la mtu. Na kama sikio limeacha kusikia ghafla, linatoa usaha, au mtu hasikii hata ukimpigia kelele, hilo ni la hospitali, msihangaike na simu.

Ila na nyumbani tusijisifu kupita kiasi. Ni kweli Baba hajawahi kuachwa peke yake. Kwenye vikao wanamkalisha mbele na mjukuu anamrudilia maneno sikioni. Lakini ni hao hao waliomwita kiziwi akiwa amekaa palepale. Na alipozivaa msibani kwa mara ya kwanza, minong'ono ikaanza kwamba mzee anasikiliza muziki maiti ikiwa ndani. Safari hii aliwasikia, akawajibu.

Siku mbili kabla ya kuondoka nilimkuta kwenye benchi la kahawa na mwenzake wa zamani. Moja iko kwenye sikio la Baba, nyingine kwenye la mwenzake. Nikapandwa na hasira: jioni zote zile za kupima sikio la mtu mmoja, desibeli kwa desibeli, halafu wanagawana kama kashata! Nikamwambia, "Baba, hiyo imepimwa kwa sikio lako, yeye haitamfaa."

Yule mzee akanitazama. "Mwanangu, nakusikia vizuri sana."

Walikuwa wamesimama kwenye korona moja, zamu moja, miaka ile yote. Nikaomba kitambaa nizifute nta, nikakaa nao.