Lata, Rafi na mrabaha: wimbo wa filamu ni wa nani?

Katikati ya miaka ya 1960, waimbaji wawili ambao filamu za Kihindi zilikuwa haziendi bila wao, Lata Mangeshkar na Mohammed Rafi, walikaa miaka kadhaa bila kuimba pamoja. Walikosana kwa sababu ya mrabaha. Lata alitaka mwimbaji apate fungu lake santuri zinapouzwa. Rafi aliona kwamba mwimbaji akishalipwa ujira waliokubaliana, hana dai jingine. Wapenzi wa nyimbo hizi hukisimulia kisa hiki kama ugomvi wa mastaa: nani alimjibu nani studio, nani alitangulia kuomba radhi. Naona hapo tunalipita jambo lenyewe. Hoja iliyokuwa mezani ilikuwa nzito, na kila mmoja alikuwa na haki upande wake, ingawa si kwa kiasi sawa.

Alam Ara, filamu ya kwanza ya Kihindi yenye sauti, ilitoka Bombay Machi 1931 ikiwa na nyimbo saba, na waigizaji waliimba wenyewe. Mwaka 1935 studio ya New Theatres ya Calcutta, katika Dhoop Chhaon, ikajaribu njia nyingine: wimbo urekodiwe kwanza, kisha mwigizaji achezeshe mdomo mbele ya kamera. Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka kumi waliendelea kutamba watu wenye sura na sauti kwa pamoja, kina K.L. Saigal, Noor Jehan na Suraiya. Saigal akafariki Januari 1947, Noor Jehan akahamia Pakistan baada ya nchi kugawanywa, na mlango ukawa wazi kwa watu ambao kazi yao ni kuimba tu.

Mwaka 1949 ikatoka filamu ya Mahal. Ndani yake umo wimbo wa Aayega Aanewala, lahani ya Khemchand Prakash, ambao utangulizi wake unatakiwa usikike ukitokea mbali na kusogea taratibu. Studio haikuwa na mashine ya kufanya hivyo. Lata, msichana anayekaribia miaka 20, akasimamishwa kwenye kona ya chumba, maikrofoni ikiwekwa katikati, akawa anaimba huku akiisogelea hatua kwa hatua, hadi akaifikia pale wimbo wenyewe unapoanza. Usikilize tena leo. Ule umbali unaousikia ni umbali wa kweli wa sakafu aliyoikanyaga. Santuri ilipotoka, jina la mwimbaji liliandikwa Kamini. Kamini ni mhusika aliyeigizwa na Madhubala. Wasikilizaji wakaanza kuiandikia redio kuuliza ni nani hasa anayeimba.

Ukiyajua hayo, dai la Lata la miaka ya 1960 unalisikia kwa sikio jingine. Alikuwa ameanza kudai mambo mapema. Tuzo za filamu za Kihindi ziitwazo Filmfare zilianza 1954 zikiwa na nafasi ya mtunzi wa muziki lakini si ya mwimbaji, na muziki wa filamu ya Chori Chori uliposhinda, alikataa kwenda kuimba wimbo wake kwenye sherehe. Nafasi ya mwimbaji ikaongezwa mwaka 1959, na wa kwanza kuipata akawa yeye. Kwanza jina, kisha heshima, kisha pesa. Naiona ni safari moja.

Hoja yake ya pesa ilisimama juu ya jambo lililoonekana waziwazi. Filamu hukaa sinema wiki kadhaa, ikipendwa sana miezi. Wimbo hubaki. Mwaka 1952 waziri B.V. Keskar alipozibana nyimbo za filamu katika redio ya taifa, wasikilizaji wakahamia Radio Ceylon, na mwisho wa mwaka huo Ameen Sayani akaanza kipindi chake cha Binaca Geetmala ambacho kilidumu miongo. Santuri ziliuzwa, kampuni ikapata, mtayarishaji wa filamu akapata, na watunzi wachache wa muziki wenye majina makubwa wakapewa sehemu. Mwenye sauti iliyomfanya mtu atoe pesa mfukoni alibaki na ujira wa siku ile aliyoingia studio.

Sasa tumsikilize Rafi, maana upande wake mara nyingi hupuuzwa kana kwamba alikuwa mtu mpole tu asiyejua hesabu. Mtayarishaji wa filamu alikuwa akikopa kwa riba kubwa. Filamu ikianguka, aliuza nyumba. Mwimbaji alikuwa ameshalipwa na hakudaiwa chochote. Lahani ilitoka kichwani mwa mtunzi, maneno kwa mshairi, na mwimbaji aliitwa kazi ikiwa imeshapikwa. Asiyebeba hasara anadaije faida? Na Rafi aliishi alivyosema. Alijulikana kwa kuwaimbia watayarishaji wachanga kwa malipo madogo, na hakujulikana kwa kumfuata mtu kudai zaidi. Ni msimamo wa fundi anayeheshimu makubaliano, na mimi nauheshimu.

Lakini haunitoshi. Hasara na faida anazozizungumzia ni za filamu, na wimbo una maisha yake. Kaagaz Ke Phool ya Guru Dutt ilianguka vibaya mwaka 1959, lakini Waqt Ne Kiya ulioimbwa humo na Geeta Dutt haujaacha kusikilizwa hadi leo. Mera Naam Joker ya 1970 ilimtia Raj Kapoor kwenye madeni, huku nyimbo zake zikipendwa kila mahali. Pesa inayoingia miaka ishirini baadaye haihusiani tena na mkopo wa mtayarishaji. Ukarimu wa Rafi nao, pamoja na uzuri wake, ulikuwa hiari ya mtu mmoja. Mwimbaji mdogo asiye na jina hawezi kuishi kwa hiari ya mkubwa.

Sheria ya India ilichukua muda mrefu kufika hapo. Mwaka 1977 Mahakama ya Juu iliamua kwamba mtayarishaji anayemlipa mtunzi ili amtungie nyimbo za filamu ndiye mmiliki wa kwanza, isipokuwa mkataba useme vingine. Jaji Krishna Iyer akaongeza maoni yake kwamba sheria ya wakati ule ilimlinda mwandishi wa muziki na kumwacha mwimbaji mikono mitupu, na akalitaka bunge lirekebishe. Mwaka 1994 mwimbaji alipata haki fulani, lakini akisharuhusu sauti yake iingie kwenye filamu haki hiyo ilikufa. Ni mwaka 2012, baada ya mapambano ambayo mshairi Javed Akhtar aliyaongoza akiwa mbunge, ndipo sheria iliposema kwamba mtunzi na mshairi hawawezi kunyang'anywa mrabaha wao hata kwa mkataba, na waimbaji nao wakatambuliwa. Karibu nusu karne tangu ule ugomvi.

Hapa ndipo ninapotofautiana kidogo na wanaomfanya Lata kuwa shujaa asiye na doa wa kisa hiki. Dai lake lilikuwa la haki, ila lilikuwa dai la mwenye nguvu. Katika miaka aliyogoma kuimba na Rafi, nyimbo ambazo Rafi aliziimba pamoja na mwanamke zilihitaji sauti nyingine ya kike, na nyingi akapewa Suman Kalyanpur. Msikilize kwenye Na Na Karte Pyar ya 1965. Ni mwimbaji kamili. Wawili wale walipopatana, kufikia 1967, nafasi hizo zikapungua. Ulimwengu ambao mgomo wa mtu mmoja unafungua mlango na mapatano yake yanaufunga hauna usawa mkubwa wa kujivunia.

Na nyuma ya waimbaji walikuwepo wasiotajwa kabisa. Mtunzi aliweza kuja na lahani akiipiga kwenye harmonia, lakini mtu wa kuigawa kwa fidla hamsini, akaandika noti za kila chombo, mara nyingi alikuwa Mgoa, mtu wa Goa katika pwani ya magharibi ya India, aliyesoma muziki kanisani. Sebastian D'Souza ndiye aliyewapangia watunzi Shankar na Jaikishan ile milio mipana ya fidla tunayoitambua kabla hata mwimbaji hajafungua kinywa. Anthony Gonsalves alipanga muziki na kumfundisha fidla kijana Pyarelal, ambaye baadaye, pamoja na mwenzake Laxmikant, alilitia jina la mwalimu wake katika wimbo wa filamu ya 1977. Wengi wamelisikia jina hilo wakidhani ni la mhusika tu. Ujira wao ulikuwa wa siku, na hakuna aliyewaulizia mrabaha, si Lata wala Rafi. Washairi walau walikuwa na Sahir Ludhianvi, aliyepigania watunzi wa maneno watajwe redioni pamoja na mwimbaji.

Kwetu pwani suala hili lina upande wake. Mwimbaji wa taarabu Juma Bhalo wa Mombasa aliichukua lahani ya filamu ya Kihindi, akaiweka juu yake mashairi ya Kiswahili, mengi ya Ahmad Nassir, na watu wa Mvita wakauita wimbo wa Bhalo. Kwa kipimo cha mahakama ni mali ya mtu wa Bombay. Lakini huyo wa Bombay naye aliokota: mtunzi Naushad alichota kwenye ngoma za vijijini Uttar Pradesh, na mtunzi Salil Chowdhury alimchukua Mozart waziwazi katika filamu ya Chhaya ya 1961. Siamini kwamba hili linaubomoa mrabaha. Linanionyesha tu kwamba lahani ni sehemu inayosafiri kirahisi zaidi, ilhali sauti na maneno hubaki na mwenyewe. Mtu wa Mombasa aliweza kuichukua lahani, na bado asiye Bhalo hakuweza kuwa Bhalo. Kwa hoja hiyo mwimbaji anastahili fungu zaidi ya alivyokuwa tayari kukubali Rafi.

Muda wenyewe umeanza kukata shauri. Nchini India rekodi ya sauti hulindwa miaka 60 tangu itolewe. Ile ya Mahal ilitoka kwenye ulinzi mwisho wa 2009, na zile ambazo Lata na Rafi waliziimba pamoja kabla ya kukosana nazo zimeshamaliza muda wao. Maneno na lahani hulindwa miaka 60 tangu kifo cha mtunzi. Sahir alifariki Oktoba 1980, miezi mitatu hivi baada ya Rafi. Mashairi yake yana ulinzi hadi mwisho wa 2040.