Usiku kwa Kayafa: Hukumu au Mahojiano?

Katika Marko 14:53-65, Yesu anapelekwa usiku kwa kuhani mkuu, Kayafa, mashahidi wanasimama lakini ushuhuda wao haupatani, kisha inakuja kauli fupi kwamba wote walimhukumu kuwa imempasa kuuawa. Wahubiri wengi huihesabu kesi hiyo kuwa batili, na hoja yao si nyepesi: Mishna, mkusanyo wa sheria za mapokeo ya Kiyahudi, inakataza kesi ya kifo kusikilizwa usiku, na inataka uamuzi wa kumtia mtu hatiani usubiri hadi kesho yake. Ila Mishna ilikusanywa na marabi waliofuata mkondo wa Mafarisayo, karibu mwaka 200 baada ya Kristo, ilhali kundi la kuhani mkuu, kwa mujibu wa Matendo 5:17, lilikuwa la Masadukayo. Kumpima Kayafa kwa kanuni hizo ni kumhukumu kwa kitabu ambacho huenda hakikuwa chake.

Wanaosisitiza kuwa ile ilikuwa hukumu kamili wana jambo zito mkononi. Mashahidi waliposhindwa, Kayafa alimuuliza mshtakiwa mwenyewe, akararua mavazi yake kama afanyavyo hakimu aliyesikia kufuru, akawageukia wajumbe: “Mwaonaje ninyi?” Huko ni kuomba kura.

Hata hivyo, Luka anakiweka kikao asubuhi na hataji hukumu yoyote, na Yohana hasimulii kikao cha Baraza la Wayahudi usiku ule; kwake Yesu anahojiwa na Anasi, mkwewe Kayafa, anapelekwa kwa Kayafa, kisha kwa Pilato. Tena adhabu ya kufuru katika Walawi 24:16 ni kupigwa mawe, bali Yesu alisulubiwa, adhabu ya Kirumi, kwa shtaka ambalo lilikwisha kubadilika njiani: katika Luka 23:2 hakuna neno kufuru, kuna kodi ya Kaisari na madai ya ufalme.

Kwa hiyo naelemea upande wa wanaoona mahojiano ya kuandaa mashtaka, ingawa nia ya kumuua ilikuwapo tangu Yohana 11:50. Kauli ya Yohana 18:31, “Sisi hatuna ruhusa ya kuua mtu,” wapo wanaoitilia shaka, wakitaja kupigwa mawe kwa Stefano. Lakini masimulizi ya Matendo 7 yanafanana zaidi na ghasia kuliko utekelezaji wa hukumu. Tena tukio la baadaye linaiunga mkono kauli hiyo: mwaka 62, anasimulia Yosefo, mwanahistoria Myahudi wa karne ya kwanza, kuhani mkuu Anano, mwana wa Anasi yuleyule, aliitisha baraza wakati liwali wa Kirumi hayupo, na Yakobo ndugu yake Yesu akapigwa mawe. Malalamiko yalipofika, Anano alivuliwa ukuhani baada ya miezi mitatu tu madarakani.