Dakika 903 za Fernando Torres

Katika viwanja vya vumbi vya Manyatta, hapa Kisumu, kijana anayepiga mpira nje ilhali lango liko wazi bado huambiwa kwamba amefanya Torres. Wengi wanaolitumia neno hilo walikuwa hawajaanza chekechea mshambuliaji Mhispania Fernando Torres alipokuwa akicheza Uingereza, na sidhani kama wamewahi kumwona akifunga. Walichorithi ni kosa moja la tarehe 18 Septemba 2011, pale Old Trafford, uwanja wa Manchester United, alipomzunguka mlinda lango David De Gea, akabaki yeye na nyavu, kisha akautoa mpira nje. Kinachosahaulika ni kwamba katika mechi hiyo hiyo Torres ndiye aliyefunga bao pekee la Chelsea, waliolazwa 3-1.

Mechi hiyo niliitazama katika kibanda cha mabati kule Kondele, kiingilio shilingi 20, jenereta ikinguruma nje kwa sababu stima ilikuwa imepotea tangu saa nane. Mashabiki wa Manchester United walisimama juu ya mabenchi wakacheka hadi mwenye kibanda akatishia kuzima televisheni. Pembeni yangu alikuwa ameketi fundi wa pikipiki, shabiki wa Chelsea, mikono bado imejaa grisi. Hakupiga kelele. Aliivuta kofia ikamfunika macho, akasema polepole, "Omera, hizo pesa zimeenda." Naanza na fundi huyo kwa kuwa hoja yake ndiyo hoja nzito ya wanaomlaumu Torres, na haifai kubezwa.

Pesa zenyewe, ambazo Chelsea waliwalipa Liverpool kumnunua, zilikuwa pauni milioni 50, bei ambayo hakuna klabu ya Uingereza iliyokuwa imewahi kumlipia mchezaji, na zililipwa tarehe 31 Januari 2011, saa za mwisho za dirisha la uhamisho. Liverpool walikuwa wamepata kwake mabao 65 katika mechi 102 za ligi. Chelsea walipata mabao 20 katika mechi 110. Mtu akiweka hesabu hizo mbili kando kando hahitaji ufasaha wowote kuishinda kesi, kwa sababu mshambuliaji hununuliwa afunge, na bei hiyo haikulipwa ili mtu asifiwe kwa kukimbia na kuwahangaisha mabeki. Wanaomlaumu huongeza kwamba aliondoka Anfield, uwanja wa Liverpool, akiwa mzima, akatafuta mataji na mshahara, na moyo ukabaki alikotoka. Ukiwasikiliza, utadhani aliyesajiliwa Chelsea ni kivuli cha mtu kilichokuja kuchukua hundi. Mimi ni shabiki wa Liverpool, na nakiri kwamba kwa miaka miwili nilikuwa mstari wa mbele kuieneza hadithi hiyo. Ilitufaa sana. Ilitufuta machozi.

Siku hizi siiamini tena, angalau si kwa namna inavyosimuliwa. Kosa lake kubwa liko kwenye tarehe: inalianzisha anguko Januari 2011, siku ya kusaini mkataba, ilhali dalili zake zilikuwa zimeonekana mapema zaidi, tena kwenye mwili wake.

Ni vyema kukumbuka Torres alikuwa mchezaji wa aina gani. Alizaliwa Fuenlabrada, viungani mwa Madrid, mwaka 1984. Atletico Madrid walimpa unahodha akiwa na miaka 19. Alipofika Liverpool mwaka 2007 alifunga mabao 24 ya ligi katika msimu wake wa kwanza, akaipiku rekodi ya mabao 23 ya Ruud van Nistelrooy kwa mgeni anayeanza Uingereza. Hayo msomaji anayajua. Ambalo halisemwi vya kutosha ni jinsi karibu mabao yake yote makubwa yalivyosimama juu ya jambo moja, yaani hatua tatu au nne za kwanza baada ya pasi ya upenyo. Litazame bao la fainali ya Euro 2008, mashindano ya mataifa ya Ulaya, kule Vienna, dakika ya 33. Mpira wa Xavi unapita katikati, beki wa Ujerumani Philipp Lahm yuko mbele yake na ana haki zote za kuufikia kwanza. Torres anapita upande wa nje wa bega la Lahm, anamtangulia kwa nusu hatua, anauinua mpira kidogo juu ya mlinda lango Jens Lehmann aliyekwisha kulala chini, na Uhispania wanapata taji lao la kwanza tangu 1964. Hakuna chenga pale, wala mkwaju mkali. Kuna nusu hatua tu. Beki wa United, Nemanja Vidic, aliipoteza nusu hatua hiyo hiyo mbele ya Torres mwezi Machi 2009, siku Liverpool walipoifunga United 4-1 kwao.

Mtu wa namna hiyo akinyang'anywa nusu hatua, anabaki na nini?

Msimu wa 2008/09 msuli wa nyuma ya paja ulimsumbua tena na tena, akamaliza na mabao 14 ya ligi. Msimu uliofuata alifunga 18 katika mechi 22 tu, kiwango cha kutisha, lakini katikati ya msimu huo goti lake lilifanyiwa upasuaji mara mbili, Januari 2010 na tena Aprili. Upasuaji wa pili ulifanyika chini ya miezi miwili kabla ya Kombe la Dunia la Afrika Kusini, na bado akapanda ndege kwenda. Kule hakufunga hata bao moja. Katika fainali aliingizwa muda wa nyongeza, na kabla filimbi ya mwisho haijapulizwa alikuwa amelala nyasini akishika nyonga. Uhispania wakawa mabingwa wa dunia, picha zikapigwa, na hakuna aliyekuwa na haja ya kuuliza habari za mguu wa mshambuliaji wao. Alikuwa na umri wa miaka 26.

Sisi tunaoishi karibu na nchi ya wanariadha tungepaswa kuwa wa kwanza kulielewa hili. Mkimbiaji wa mita 1,500 akirudi kutoka jeraha la paja, akawa anakaa vizuri na kundi mizunguko mitatu lakini akaachwa mita 200 za mwisho, hakuna mtu wa Eldoret atakayesema amelewa pesa. Atasema mguu haujarudi. Mpira tunauhukumu kwa sheria nyingine, labda kwa sababu mchezaji haachwi mita kumi ionekane kwa macho. Anaachwa nusu mita, beki anaugusa mpira kwa ncha ya kiatu, na kibanda kizima kinaona mtu asiyetaka kucheza.

Sasa nije kwenye dakika 903. Ndizo zilizohesabiwa bila bao hadi alipoifungia Chelsea kwa mara ya kwanza, tarehe 23 Aprili 2011 dhidi ya West Ham, na kwa miaka mingi zimetajwa kama cheti cha kifo. Ni mechi kumi kamili na dakika tatu. Nimezirudia hesabu hizo mara nyingi kuliko inavyompasa mtu mwenye shughuli zake, na kila nikizirudia nazipata ni halisi na ni aibu. Sina njia ya kuzipamba. Hata bao lenyewe lilikuja kwa msaada wa mvua: uwanja ulijaa maji, pasi ya Nicolas Anelka ikakwama kwenye dimbwi, na mpira uliopaswa kumpita ukamsubiri. Mtu mwenye ulimi mkali angesema hata dimbwi lilimwonea huruma.

Lakini wanaozitaja 903 hawazitaji 189. Dakika 189 ndizo alizocheza katika Euro 2012, mwaka mmoja na miezi michache baadaye, mara nyingi akitoka benchi kwa sababu kocha Vicente del Bosque alipenda kuanza bila mshambuliaji halisi. Ni mechi mbili na dakika tisa. Humo alifunga mabao matatu, akatoa pasi moja ya bao, na akachukua kiatu cha dhahabu, tuzo ya mfungaji bora, mbele ya wachezaji wengine waliofunga matatu, kwa kuwa aliyelingana naye kwa mabao na pasi, Mario Gomez, alikuwa amecheza dakika nyingi zaidi. Katika fainali dhidi ya Italia aliingia dakika ya 75, akafunga dakika ya 84, na dakika nne baadaye, akiwa na nafasi ya kufunga la pili lake, akamsogezea Juan Mata afunge. Akawa mtu wa kwanza kufunga katika fainali mbili za Euro.

Mguu ulikuwa ni ule ule, na kichwa kinachosemwa kiliharibika ni kile kile. Tofauti iliyokuwapo ni ya mpira aliokuwa akiletewa. Mara nyingi Uhispania iliwachosha wapinzani kwa saa nzima, kisha ikamwingiza mtu wa kukimbilia nafasi zilizofunguka. Chelsea aliyoikuta ilikuwa imejengwa kwa ajili ya Didier Drogba: mpira wa juu, krosi, mshambuliaji anayempa beki mgongo na kumng'ang'ania. Mabeki waliojua wanacheza na Chelsea walikaa nyuma, karibu na lango lao, na nyuma yao hakukuwa na uwanja wa kukimbilia. Liverpool alikuwa na Steven Gerrard aliyejua wapi pa kuupeleka mpira kabla Torres hajaanza kukimbia. Chelsea alikuwa na makocha watano katika miaka mitatu na nusu, kila mmoja na mipango yake: Carlo Ancelotti, Andre Villas-Boas, Roberto Di Matteo, Rafael Benitez, Jose Mourinho. Na chini ya Benitez, aliyekuwa kocha wake Liverpool na aliyemjua tangu zamani, alimaliza msimu wa 2012/13 na mabao 22 katika mashindano yote, yaani karibu nusu ya mabao 45 aliyoifungia klabu hiyo kwa jumla. Sidai kwamba Benitez alimponya, kwa maana mabao manane tu kati ya hayo yalikuwa ya ligi.

Pana jambo moja linalonisumbua katika utetezi huu. Tarehe 7 Novemba 2010, akiwa bado Liverpool na baada ya upasuaji wote wawili, Torres aliifunga Chelsea hiyo hiyo mabao mawili pale Anfield, na moja aliliviringisha kwenye kona ya mbali kwa utulivu wa mtu asiyekuwa na jeraha wala wasiwasi. Ikiwa goti lilikuwa limekwisha, siku hiyo lilitoka wapi? Jibu langu ni kwamba mguu uliopungua haupungui kila siku kwa kipimo kimoja. Siku moja hurudi wote, wiki inayofuata robo tatu. Huenda pia siku hiyo ndiyo iliyowadanganya wenye Chelsea. Ila nakubali kwamba hapa pana nafasi ya wale wanaosema hofu nayo ilikuwa na sehemu yake. Ukimtazama tena Old Trafford, baada ya kumpita De Gea, mguu wa kushoto unaupiga mpira kwa haraka isiyo na sababu, kama mtu anayetaka jambo liishe. Huo si ugonjwa wa goti.

Basi lichukuliwe kosa hilo, kisha litazamwe pamoja na tarehe 24 Aprili 2012, miezi saba baadaye. Camp Nou, nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa, Chelsea wako kumi baada ya John Terry kutolewa kwa kadi nyekundu, Barcelona wote wamepanda. Mpira unaondolewa nyuma, unamkuta Torres peke yake na nusu ya uwanja mbele yake. Anakimbia, anamzunguka mlinda lango Victor Valdes, anabaki na nyavu tupu. Ni hali ile ile ya Septemba, isipokuwa sasa ni dakika za majeruhi na Ulaya nzima inatazama. Akaweka ndani, ikawa 2-2, Chelsea wakaenda fainali. Kule Munich aliingia kipindi cha pili, na kona ambayo Drogba aliipiga kwa kichwa dakika ya 88 kuokoa mechi ilipatikana kwa juhudi zake. Kondele nzima ilimbeba Drogba usiku ule, na ilistahili. Hakuna kijana wa Manyatta anayesema "umefanya Torres" akimaanisha lile la Camp Nou.

Kuhusu yaliyofuata sina mengi. Milan alicheza mechi kumi akafunga bao moja. Aliporejea Atletico Januari 2015, watu wapatao 45,000 walijaa uwanja wa Vicente Calderon kumkaribisha, hakuna mechi, ni mtu tu na jezi yake, na siku chache baadaye akafunga mawili Bernabeu, uwanja wa Real Madrid, katika Kombe la Mfalme. Mwaka 2018 alishinda nao Ligi ya Europa, taji lake kubwa la kwanza na klabu iliyomlea, kisha akaenda Japani kwa Sagan Tosu, ambako alistaafu Agosti 2019 kwa kipigo cha 6-1 mbele ya Vissel Kobe ya rafiki yake Andres Iniesta.

Fundi wa pikipiki bado yuko Kondele. Juzi nilimpelekea pikipiki ya shemeji yangu, nikamtajia dakika 189 na Camp Nou huku akifungua kabureta. Akanisikiliza hadi mwisho, akapuliza jeti, akaishika juu aione mwanga. "Lakini milioni hamsini," akasema, akaniomba nimpe spana namba kumi.